Shimo la nyuma ya zahanati: shajara ya siku 15

Siku ya 1, Jumatatu

Sisi ni wanaakiolojia, na tumepewa siku 15 za kazi kuchimba mabaki ya kale hapa. Ya 16 mwanakandarasi anaanza kuchimba msingi wa wadi ya kujifungulia, tuwe tumemaliza au la. Uwanja uko juu ya mji wa Njoro, upande wa kupanda Mau Narok, nyuma ya zahanati ya vyumba vitatu iliyozungushiwa ua wa michongoma. Katikati ya uwanja kuna shimo. Si shimo la kutisha. Ni kama sahani kubwa iliyokandamizwa ardhini, mita 11 kutoka ukingo hadi ukingo, kina chake mita moja na kidogo. Mvua ikinyesha watoto huteleza humo na magunia. Mchoro wa mjengo unataka lijazwe mawe, lishindiliwe, na kona ya wadi ikae juu yake.

Mashimo ya aina hii ni mengi kuanzia hapa Nakuru hadi Uasin Gishu na Cherang'any. Watu huyaita mashimo ya Wasirikwa, wafugaji wa zamani wa nyanda hizi. Mzee jirani, ambaye shamba lake limepakana na zahanati, anayaita mukowanik. Anasema walipokuwa wadogo walikatazwa kuchungia mbuzi ndani yake. Nikamuuliza kama walitii. Akacheka tu.

Tuko saba: mimi, mwanafunzi mmoja wa chuo, na vibarua watano kutoka hapa hapa. Mmoja wa vibarua ni mama anayefuga mbuzi na ambaye hataki jina lake liandikwe popote, basi nitamwita Mama Mbuzi, na ameridhia. Leo tumefyeka, tumepigilia vigingi na kuvuta kamba za miraba ya mita moja moja. Msimamizi wa mjengo alikuja kutuangalia, akaona miiko yetu, akauliza kama na sisi tunajenga. Mwiko ni ule ule wa fundi. Tofauti ni kwamba sisi tunaunoa ukingo kwa tupa mpaka ukate udongo kama kisu kwenye ugali, maana ukikwangua kwa mwiko butu unafuta kile unachotaka kukiona.

Upande wa chini wa shimo, ardhi inapoinamia kijito, kuna mwinuko mpana wenye nyasi za kijani, ilhali Januari hii kila kitu kingine kimekauka. Nimeandika daftarini: "Mwinuko, mashariki ya shimo, labda kichuguu cha zamani." Nikafunga daftari. (Mstari huo nimeuacha kama ulivyo.)

Siku ya 2

Kina mama waliokuja kliniki walituzunguka. Mmoja, mimba yake ya miezi minane kwa kukadiria, akaniuliza: "Kwa hivyo mimi nisubiri mpaka mmalize kutafuta vyungu?" Sikuwa na jibu zuri. Usiku wa mvua, kutoka hapa hadi hospitali kwa bodaboda si safari ya kumtakia mtu mwenye uchungu, na wote pale walijua mtu aliyejifungulia njiani.

Nilichoweza kusema ni kwamba sheria haikatazi mjengo. Sheria ya Makavazi na Urithi ya mwaka 2006 inamtaka aliyegundua kitu cha kale atoe taarifa kwa Makavazi ya Taifa ndani ya siku saba, na inamzuia yeyote kuchimba vitu hivyo bila leseni. Hapa taarifa ilitolewa mapema, na siku zetu 15 zimo ndani ya ratiba ya mwanakandarasi. Hatujaongeza hata siku moja. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, lakini mharakishe," akaingia kwa nesi.

Siku ya 3 hadi ya 5

Tunashuka ndani ya shimo, sentimita kumi kumi. Kila karai inapita kwenye chekeche la matundu ya milimita tano. Matokeo ya siku tatu: vizibo vya soda, betri ya redio, kiatu cha plastiki cha mtoto cha mguu wa kushoto, na udongo uliosombwa na mvua kutoka ukingoni. Kwenye kina cha sentimita 50 tulipata kigae kimoja cha chungu, kidogo kuliko ukucha wa dole gumba. Mwanafunzi alikipiga picha mara kumi na moja.

Nikiri kosa langu mapema. Nilikuja na picha ya nyumba kichwani. Nilidhani tukifika sakafuni tutakuta jiko, mashimo ya nguzo, labda mahali pa kulala. Sikuwa wa kwanza. Mwanaakiolojia Mary Leakey alipochimba Hyrax Hill, hapo nje ya Nakuru mjini, mwaka 1937 na 1938, naye aliyaona mashimo ya namna hii kuwa ni makao ya watu. Ilichukua miaka mingi kabla John Sutton, naye mwanaakiolojia, aliyeyazungukia mashimo haya kote kwenye nyanda za juu za magharibi, kuonyesha kwamba shimo lenyewe lilikuwa la mifugo, na nyumba ilijengwa pembeni, ikipachikwa ubavuni mwa zizi. Hayo nilikuwa nimeyasoma. Lakini kusoma ni kitu kimoja, na kusimama ndani ya duara lililochimbwa vizuri hivyo ni kitu kingine. Jicho linakuambia nyumba.

Siku ya 6, Jumatatu

Tumegonga sakafu kwenye sentimita 70. Ngumu, rangi ya majivu, imekandamizwa mpaka mwiko unateleza juu yake. Nikaanza kutafuta mashimo ya nguzo. Mama Mbuzi akachukua donge, akalivunja kwa vidole, akalinusa ingawa halina harufu tena, akalipuliza. Lilipeperuka kama unga.

"Daktari," akasema (mimi si daktari, lakini nimechoka kusahihisha), "hili ni zizi. Hii ni samadi iliyokufa."

Nikamwambia hata mimi nimeanza kufikiri hivyo. Akaendelea kana kwamba hajanisikia. Akanionyesha pale ukingo wa shimo ulipopasuka upande wa chini, mahali nilipopaita "mmomonyoko" kwenye mchoro wangu. "Huu ni mlango. Mlango unaweka upande wa mteremko ili mkojo na matope vitoke. Ukiweka juu, ng'ombe watalala kwenye kidimbwi." Kisha akauliza swali ambalo mimi, na vyeti vyangu, nilikuwa sijaliuliza kwa siku tano: "Sasa samadi walipokuwa wakiitoa, walikuwa wakitupa wapi?"

Sote tuligeuka kutazama ule mwinuko wa nyasi za kijani. Juu yake, tangu Jumamosi jioni tulipokuwa tumeondoka, lilikuwa limemwagwa lori zima la kokoto.

Siku ya 7

Mazungumzo na msimamizi wa mjengo hayakuwa ya kuandikwa yote. Upande wake ni huu: hakuna aliyemwambia mwinuko ule ni sehemu ya uchimbaji, hakukuwa na kamba wala kigingi pale, na lori lilihitaji mahali pa kugeukia. Kila neno kweli. Kamba zilikuwa kazi yangu. Akaniuliza pia kama kuna mtu mwingine nchi hii anayesimamisha mjengo kwa ajili ya vyungu. Nikamwambia kuhusu Wadh Lang'o, kule Sondu, ambako kabla ya mradi wa umeme wa Sondu-Miriu watu walichimba na kukuta historia ya maelfu ya miaka: vyungu vya Kansyore, vya wavuvi na wawindaji wa kale, chini, na vya Urewe, vya wakulima wa mwanzo, juu. Akafikiri kidogo. "Ule ulikuwa mradi wa serikali na Wajapani," akasema. "Huu ni wadi ya vitanda sita."

Mwishowe alitupa vijana wanne na wilbaro tatu, sisi tukalipia chakula cha mchana cha wote. Githeri, chai, na siku nzima ya kubeba kokoto. Kwenye fomu ya maendeleo kuna mahali pa kuandika ni miraba mingapi imechimbwa leo. Nimeandika sifuri.

Siku ya 8

Kokoto zimekwisha kufikia saa tano asubuhi. Magurudumu ya lori yameacha alama mbili zenye kina cha kiganja, lakini chini yake udongo haujavurugika sana. Tumekata mtaro wa mita sita kwa moja, kutoka mlangoni mwa zizi kushuka hadi mwinuko unapoishia. Shimo lenyewe nimeliachia mwanafunzi na kibarua mmoja wamalizie kona ya kaskazini, ambako kama Sutton yuko sahihi, nyumba inapaswa kuwa.

Kuhusu zile nyasi za kijani: mwaka 2018 watafiti waliokuwa wamepima udongo wa maboma ya kale kule Narok walichapisha matokeo yao, kwamba samadi ya wafugaji wa miaka elfu mbili na hata tatu iliyopita bado inarutubisha ardhi, na unaona viraka vya nyasi nzuri katikati ya mbuga. Nimelisoma hilo pia. Nashangaa ni mambo mangapi mtu anaweza kuwa ameyasoma.

Siku ya 9 na ya 10

Hizi ndizo siku zenyewe. Mwinuko una kimo cha mita moja na robo pale palipo juu zaidi, na umejipanga kama kitabu: ukurasa wa majivu meupe, ukurasa wa samadi ya kijivu, ukurasa wa udongo mwekundu, majivu tena. Kila ukurasa ni mara moja mtu alipofagia zizi au jiko akatoka na mzigo akaumwaga hapa. Vigae vya vyungu sasa vinatoka kwa viganja. Vingi vina mapambo ya kamba iliyosokotwa: mfinyanzi aliviringisha kipande cha kamba shingoni mwa chungu kikiwa bado kibichi, ikaacha mistari ya vinundu vidogo vilivyoinama. Ukikigeuza kigae kwenye jua la asubuhi unaona hata mahali kamba ilipoanza na ilipogotana na mwanzo wake, mstari mmoja ukapanda juu ya mwingine. Alikosea kidogo akaacha hivyo. Vyungu vya namna hii ndivyo vilivyopatikana Lanet na Hyrax Hill.

Kisha likaja jambo lililotufanya tusimamishe kazi. Kwenye sentimita 45 kutoka juu, vilianza kutoka vipande vya obsidiani, yale mawe meusi ya kung'aa kama chupa iliyovunjika. Vingi: 38 kwa mraba mmoja. Nyembe nyembamba ndefu, kingo bado zinakata (kibarua mmoja amefungwa plasta na nesi, tumepata faida ya kuwa jirani na zahanati). Wafugaji wa kale wa upande huu, ambao wanaakiolojia huwaita watu wa Elmenteita, walipenda hasa obsidiani ya Mlima Eburru, na wao waliishi kati ya miaka 3,000 na 1,300 hivi iliyopita. Vyungu vya kamba ni vya juzi tu ukilinganisha, karne chache. Lakini hapa mawe ya kale yamelala JUU ya vyungu vipya. Chini ya obsidiani, vigae vya kamba vinaendelea kama kawaida.

Kanuni ya kwanza anayofundishwa kila mwanafunzi ni kwamba kilicho chini ni cha zamani kuliko kilicho juu. Mwanafunzi wangu alikuwa tayari anaandika "tabaka limevurugwa na lori". Nikamwambia asubiri. Alama za lori zimeishia sentimita kumi.

Jioni, tukinywa chai, kibarua mzee kuliko wote, ambaye kazi yake ya kawaida ni kuchimba vyoo, akatuuliza tunabishana nini. Tukamweleza. Akaona ni jambo dogo kabisa. "Ukichimba choo, udongo wa kwanza unatupa hapa. Udongo wa mwisho, ule wa chini kabisa, unautupa juu yake. Kwani lundo la choo hujaona?"

Ndivyo ilivyokuwa. Walipokuwa wakikwangua zizi mwaka baada ya mwaka, jembe lilishuka, na siku moja likapita sakafu yao wenyewe, likaingia kwenye ardhi ya watu waliokaa hapa miaka elfu na zaidi kabla yao. Wakaizoa ile ardhi pamoja na mawe yake, wakaitupa juu ya takataka zao. Lundo zima liko kichwa chini miguu juu, na ndiyo maana shimo lina kina: hawakulichimba siku moja, lilishuka kwa kufagiwa. Nimelala nikiwa na furaha ambayo mke wangu, kwenye simu, hakuielewa.

Siku ya 11

Usiku mtu aliingia akachimba kona ya mtaro wetu, kama nusu mita, akitafuta "mali". Kila uchimbaji nchi hii una uvumi wake wa dhahabu ya mzungu. Hakuchukua kitu, vigae alivitupa pembeni, hatujui vimetoka tabaka gani, basi vimeingia mfuko wa "bila mahali", mfuko unaoniuma kuliko yote.

Saa nane mchana, mfupa mrefu ulitokea kwenye ukuta wa mtaro. Vibarua wawili walipanda juu bila kuambiwa. Mzee jirani akaja, akasimama mbali, akavua kofia. Si hofu ya bure. Hyrax Hill ina makaburi, na katika pango la Mto Njoro, si mbali na hapa, akina Leakey mwaka 1938 walikuta mabaki ya watu wengi waliochomwa na kuzikwa na bakuli za mawe na shanga. Kama ungekuwa wa mtu, kazi ingesimama hapo na simu zingeanza kupigwa. Nikausafisha kwa brashi polepole, watu wote kimya. Ni mguu wa ndama. Karibu yake taya mbili, meno ya maziwa bado yamo.

Ndama wachanga wengi kwenye takataka huwa ni dalili ya watu wanaotegemea maziwa: madume yanachinjwa mapema, majike yanaachwa. Taya mbili hazitoshi kusema hivyo. Mama Mbuzi anasema zinatosha.

Siku ya 12

Kona ya kaskazini: mashimo matano ya nguzo kwa nusu duara, na jiko, udongo wake umeungua ukawa mwekundu kama tofali. Nyumba ilikuwepo, pembeni, na mlango wake ulifungukia ndani ya zizi. Kuingia kwa mwenyewe, ilibidi upite katikati ya ng'ombe wake. Nimeweka makaa ya jiko kwenye foili bila kuyagusa kwa mkono. Sitegemei miujiza; makaa ya kati ya mwaka 1650 na 1950 hutoa majibu ya redioakaboni, kipimo cha umri wa vitu vya kale, yanayotanuka mno, na kama shimo hili liliachwa katika karne ya 18, tutapata jibu la "labda".

Siku ya 13

Mvua. Januari! Turubai mbili zilizopo tumeziweka juu ya mtaro, shimo likajaa maji, watoto wakaja na magunia yao. Tumeosha vigae chini ya varanda ya zahanati.

Siku ya 14

Kuta zimelainika, ila mvua imefanya jambo moja jema: rangi za tabaka zimejitokeza wazi kuliko zilivyokuwa zikiwa kavu. Nimechora ukuta wa mtaro kuanzia saa mbili hadi giza. Tabaka 23. Mwanafunzi anashika futi, ananisomea, ananisahihisha. Yule mama wa siku ya pili alipita, akatazama mchoro, akauliza kama ni kitambaa.

Siku ya 15, Ijumaa

Kikao uwanjani, mimi, msimamizi wa mjengo, mhandisi, mzee jirani na nesi. Wadi haiwezi kusogezwa. Upande wa juu kuna mwamba na upande wa pili kuna nyaya za umeme. Shimo litajazwa. Lakini tangi la maji taka lilikuwa limepangiwa katikati ya mwinuko, na hilo nesi mwenyewe alisema liende upande wa barabara, kwa sababu lori la kunyonya halingefika kule nyuma hata hivyo. Basi mwinuko, ukiacha mtaro wetu, unabaki chini ya nyasi na waya wa ua. Msimamizi ndiye aliyepigilia vigingi safari hii. Vyekundu, vingi kuliko vinavyohitajika.

Hesabu ya mwisho: vigae 1,146, obsidiani 412, mifupa kilo tisa, ushanga mmoja wa ganda la yai la mbuni, donge la chuma lililooza. Vyote kwenye mifuko ya khaki na makatoni ya biskuti, vimepanda pikapu kwenda Nakuru.

Mama Mbuzi aliomba udongo uliokwisha kuchekechwa. Magunia kumi na mawili, kwa punda, kwa ajili ya sukuma wiki. Nilimwambia nguvu nyingi za samadi hiyo zimekwisha kitambo. Akaniangalia, kisha akaangalia zile nyasi, akaendelea kufunga gunia.

Wiki tatu baadaye

Bado tunaunganisha vigae. Chungu kimoja kimepata shingo na nusu ya tumbo. Leo saa tatu asubuhi, simu kutoka kwa msimamizi wa mjengo. Wanapitisha bomba la maji mita 30 kutoka ua, nje kabisa ya eneo letu, na vijana wamegonga majivu meupe. "Nimewasimamisha," akasema. "Nimeweka kamba. Unakuja saa ngapi?"